Koti la Baba Juu ya Mizani

Harufu ya pumba za mahindi hunikamata hata nikiwa na haraka zangu. Nikipita mbele ya duka la chakula cha kuku, pale magunia ya katani yanapopangwa mlangoni, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Nikiwa na wenzangu hudhani naangalia bei. Sifugi kuku, na wala sina mpango huo. Ninachonusa pale ni ghala la mazao la Babati, mchana wa Jumamosi moja, na wanaume wawili wazima waliokuja kumaliza ubishi wa miaka.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa ngumi. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na banda lake lilikuwa Bagara, hapo hapo Babati, kando ya barabara, bati mbili na nguzo nne. Ilikuwa ile miaka ya dhiki, ambayo nyinyi mliokuwapo hamhitaji kuelezwa. Hakukuwa na tairi, hakukuwa na gundi ya kuzibia pancha, na ukipata sabuni unaificha hata jirani asione. Baba alishona tairi zilizopasuka kwa kamba ya katani na kuzirudisha barabarani. Wateja walikuwa wachache, lakini wapiga soga hawakukosekana. Betri za redio zilipokufa tulizianika juu ya bati pamoja na mboga za kukausha, zipate nguvu ya kutufikisha mpaka kwenye habari za michezo.

Swali lililowakusanya watu pale lilikuwa moja tu: kati ya mabondia wote waliowahi kuvaa glavu duniani, ni nani aliyekuwa na konde zito kuliko wenzake? Baba Emanueli, mwenye bucha la jirani, alikuwa na jibu fupi. Mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye konde kubwa, basi, twende tukale. Yeye mwenyewe alikuwa pandikizi la mtu, anabeba paja la ng'ombe begani huku anakusalimia bila kuhema. Alishabikia mabingwa wa uzito wa juu, wale wa Marekani, na akiwasimulia utadhani walisoma naye darasa moja.

Baba hakukubali; kwake nguvu ya konde iligawanywa kwanza kwa kilo za mpigaji. Alipigana ngumi alipokuwa jeshini, uzito mwepesi, kilo sitini kamili, na hizo kilo sitini alizitaja kama mtu anavyotaja ukoo wake. Ukutani mwa banda alibandika picha aliyoikata gazetini, ya bondia mdogo mwenye masikio yaliyosinyaa, ambaye jina lake lilikuwa limeliwa na mende. Huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa baba.

"Usiniambie nani kamwangusha nani," alikuwa akisema. "Niambie kilo zake, tugawanye."

"Ngumi haigawanywi," Baba Emanueli alimjibu. "Ngumi inaingia usoni nzima nzima."

Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nilikuwa darasa la tano, na katika shule yetu hakuna aliyenishinda kugawanya, hata wavulana wa darasa la saba. Niliokota njiti ya baiskeli, nikafuta vumbi kwa kiganja, nikapiga hesabu za mabondia chini pale mbele ya watu wazima. Baba alinitazama kwa fahari ambayo sijaiona kwa mtu mwingine tangu hapo. Nami nilivimba kichwa, siwafichi.

Siku moja ubishi ulipamba moto mpaka Baba Emanueli akapiga benchi kwa kiganja. Alisema maneno yametosha, sasa wapigane na gunia. Baba akimshinda kwa hesabu yake ya kugawanya, atapata kilo tatu za nyama, na ini juu yake. Baba akishindwa, ataibandua ile picha, aikabidhi buchani, na asitamke tena neno kugawanya mbele ya watu.

Nyama! Nyumbani hatukuwa tumeiona tangu Pasaka. Shamba letu la Mutuka lilikuwa limetoa mabua matupu, na tulikuwa tukila ugali wa unga wa njano kwa mlenda, wa kupimiwa. Tulikuwa watoto wanne. Baba alikaa nasi mezani, akamega matonge mawili, kisha akausukuma ugali upande wetu. "Nimekula kwa wateja," alisema karibu kila jioni. Nilimwona mtu mwenye bahati sana, kuwa na wateja wakarimu kiasi kile.

Karani wa ghala, Fabiano, alikuwa na funguo, na msimu ule ghala halikuwa na kitu cha kulinda. Jumamosi alitufungulia. Walijaza gunia mchanga na pumba, wakalining'iniza kwenye boriti kwa kamba ndefu. Baba alifunga kipande cha cheni ya baiskeli chini ya gunia, na sakafuni tukamwaga majivu. Gunia likisukumwa na ngumi, cheni inaburuzika na kuacha mstari, nami napima mstari kwa rula yangu ya shule. Sentimita tunazigawanya kwa kilo za mpigaji. Mpango ulikuwa wa baba, na mpaka leo nauona ni wa akili. Baba Emanueli alilijaribu gunia kidogo, kwa kujinyoosha tu, na majivu yakaruka hadi ukutani. Ilibidi tumwage mengine. Nikaanza kumwomba Mungu wa kilo.

Ilibaki kupima uzito. Ghalani kulikuwa na mizani ya magunia, ya chuma, yenye ubao wa kusimama na kijiwe kinachosogezwa kwenye mkono wake. Baba Emanueli alipanda, ubao ukalia, Fabiano akasoma kilo tisini na sita. Watu wakapiga makofi.

Baba alipanda akiwa amevaa koti lake la jeshi na buti zake. Jua lilikuwa kali, na lile koti lilikuwa zito kama godoro. Fabiano akasoma hamsini na nne.

Nikapandwa na hasira. Jamani, mnaona alichokuwa anafanya? Kila kilo aliyojiongezea ilikuwa inampunguzia matokeo! Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba bondia hupimwa akiwa na kaptula tu.

"Baba, vua koti," nilimwambia.

"Acha tu, Theresia. Inatosha hivi."

"Haitoshi! Utashindwa! Koti halipigi ngumi!"

Watu waliangua kicheko. Mmoja akasema mwalimu wetu mdogo kasema kweli, mwingine akaanza kupiga makofi, na mara ghala zima likawa linaimba vua, vua, vua. Mimi ndiye niliyekuwa naimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Baba alinitazama. Nilidhani ananitazama kwa sababu nimemkosea adabu mbele ya wakubwa, nikainamisha uso, lakini sikunyamaza. Aliinama akafungua kamba za buti moja moja. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka chini.

Fabiano alisogeza kijiwe nyuma, akakisogeza tena nyuma. Akagonga mkono wa mizani kwa kidole, kana kwamba umekwama.

"Arobaini na nane," alisema kwa sauti ya chini.

"Arobaini na nane!" nikarudia kwa kelele, nikarukaruka. Nilikuwa na furaha isiyo na kifani. Kilo sita nzima nilizomwokolea baba! Nilipogeuka kuona watu wanavyoshangilia, hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanatazama mifupa ya mabega iliyoinua shati, na mkanda uliotobolewa kwa msumari mara nyingi hata ncha yake ikafika mgongoni. Mimi niliviona vyote hivyo pia. Nilikuwa naviona kila siku, kwa hiyo sikuona kitu.

"Si ulisema sitini?" Baba Emanueli aliuliza.

"Ilikuwa jeshini," baba akajibu.

Alipiga yeye kwanza. Alisogeza mguu wa kushoto, akateremsha bega, na ngumi ikatoka fupi, safi, nami nikasikia mlio wake ukiingia ndani ya mchanga. Nilipiga magoti kwenye majivu nikapima: sentimita sitini.

Kisha akaja Baba Emanueli. Alitema mate viganjani, akarudi nyuma hatua tatu, akaja kwa kishindo na mguno mkubwa. Nilifumba macho. Nilipopima nilikuta hamsini. Nilirudia mara mbili, hamsini. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono, amekunja uso, analalamika kwamba kimeteguka.

Hesabu haikuhitajika tena, lakini niliifanya, ili haki itendeke. Baba, sentimita moja na robo kwa kila kilo. Baba Emanueli, nusu sentimita na chembe. Niliyatangaza matokeo nikiwa nimesimama juu ya mizani.

Jioni ile nyumba yetu ilinuka ini la kukaanga. Mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpakulia baba kwanza, peke yake, akasimama mbele yake na mwiko mkononi. Baba alipotaka kusukuma sahani kwetu, mama alisema, "Kula, Baba Theresia." Hakuondoka pale mpaka sahani ikawa nyeupe. Sisi tulisubiri tukimeza mate, na mimi niliona kwamba ndivyo mabingwa wanavyotendewa.

Baba Emanueli nilimtania miaka. Nikimsalimu shikamoo naongeza "Nusu Sentimita" chinichini, naye anaitikia marahaba na kucheka mpaka tumbo linatikisika. Hakukasirika hata mara moja. Tangu wiki iliyofuata, kila Jumamosi alianza kutuletea furushi la mifupa yenye nyama nyama, akisema ni ya mbwa. Hatukuwa na mbwa. Mama alipokea, akashukuru kwa niaba ya mbwa.

Miaka ilipita. Nikasoma, nikawa mwalimu wa hesabu, nikapata watoto wangu. Kuna mwaka mishahara ilichelewa miezi, na jioni moja nilijisikia nikiwaambia wanangu, "Kuleni, mimi nimekula kazini." Nilishika ukingo wa meza. Nililiona lile koti limekunjwa sakafuni, na baba amesimama bila viatu juu ya ubao wa chuma, na mtoto wake anaimba vua. Alikuwa radhi kuipoteza picha yake, na maneno yake, hata nyama aliyoitaka kwa ajili yetu, mradi watu wasijue ana kilo ngapi. Na mimi nilimlazimisha. Nililia kwa aibu, na wanangu wakadhani naumwa.

Krismasi hiyo nilikwenda Babati. Baba alikuwa ameshazeeka, amenenepa kidogo, anaota jua mbele ya nyumba. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ajili ya koti. Nilidhani atasema haikumbuki siku hiyo, kama wazee wanavyotusamehe kwa kujifanya wamesahau.

"Uliniumiza sana," alisema. "Nilikukasirikia wiki nzima, hata kukutazama sikutaka. Usiku nalala nasikia ile sauti yako, arobaini na nane."

Akageuza kiti chake kulifuata jua.

"Halafu Jumamosi mifupa ikaja," alisema. "Ningebaki na lile koti, Theresia, nani angejua kwamba nyumbani kwangu kuna njaa?"