Mashine Isiyojua Kupunja

Mtaani walimwita Bwana Pungufu, na yeye aliitika. Ukinunua kilo ya nyama kwake, ulijua umenunua kilo ya Bwana Pungufu, jamaa wa mbali wa kilo ya watu wengine. Chini ya sahani ya mizani alikuwa amegandisha kipande cha risasi. Juu ya hilo, nyama aliitupa kwa kishindo ili mshale uruke, akaifunga kwenye karatasi kabla haujatulia. Akina mama wakinung'unika, aliwaongezea mfupa na tabasamu, wakaondoka wakijiona washindi. Mkewe, aliyekaa kwenye kidirisha cha kupokea pesa, alikwisha acha kuona haya. Haya nayo huchoka.

Kisha sukari ikampata. Kliniki walimpa vidonge, wakamtaka anunue mashine ya kupimia nyumbani, na wakamwachia agizo moja: ikisoma zaidi ya kumi siku mbili mfululizo, arudi bila kungoja tarehe yake. Agizo hilo halikuwa la mchezo. Kiatu cha mpira cha buchani kilikuwa kimemchubua kidole gumba cha mguu wa kushoto, na kidonda hakikutaka kufunga. Muuguzi alimvuta mkewe pembeni akamwambia, "Mama, sukari isiposhuka tutaanza na kidole. Tutakapoishia sijui."

Asubuhi ya kwanza mkewe alimnawisha mikono kwa sabuni kama mtoto, maana alitaka kupima na vidole vilivyotoka kwenye utumbo wa mbuzi. Akamkausha, akamchoma, akagusisha tone kwenye kijiti. Mashine ikalia. Kumi na nne.

"Tisa," akasema Bwana Pungufu.

"Tisa ya wapi? Si kumi na nne hii hapa?"

"Mama Watoto, mimi nimeishi na mizani tangu sijaota ndevu. Kila kipimo kina risasi yake chini. Hawa wanauza vijiti, wanauza na vidonge. Wewe ungekuwa wao, ungeacha mshale ukae sawa? Toa tano za mwenye duka, inabaki tisa. Lete chai."

Watu wengi hudanganywa kwa sababu wanaamini mno. Huyu alijidanganya kwa sababu hakumwamini mtu yeyote, na hakumwamini mtu kwa kuwa alijijua mwenyewe. Kila asubuhi mashine ilisema lake, naye akatoa tano zake, kwa utulivu wa mtu anayepangusa kisu. Ikisoma kumi na tatu, alijipongeza kwa nane. Siku iliyosoma kumi na sita alitoa saba, akaeleza kwamba leo wamezidisha wizi.

Kidonda, ambacho hakikujua kutoa, kilianza kunuka. Mkewe aliisikia harufu kabla mumewe hajavua kiatu. Alimsihi, akamgombeza, akamnunia. Sikio la kufa.

Jumapili akaja dada mkubwa wa Bwana Pungufu, ambaye tangu utoto hajaona kosa la kaka yake. Akakuta mashine mezani na ugomvi umepamba moto.

"Wifi, mwache kaka yangu. Hesabu aliijua toka mdogo."

"Ya kutoa anaijua sana, wifi. Waulize wateja." Kisha akamgeukia mumewe. "Haya, Baba Watoto. Ngoja nijipime na mimi."

Akanawa, akajikausha, akajichoma mwenyewe. Mashine ikalia. Tano.

"Sasa toa tano za mwenye duka. Nimebaki na ngapi?"

Bwana Pungufu akakuna shavu.

"Sema! Si wewe mwenye hesabu? Nimebaki na sifuri. Maiti ndiyo iliyokupikia hiyo chai. Na usiku unalala na nani, mzimu?"

Wifi akapaliwa na chai. Bwana Pungufu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa jibu mbele ya mizani, akajitetea kwa utaalamu: "Hamjui kitu. Mizani haimwibii kila mtu sawa. Inategemea mteja."

Dada yake akaweka kikombe chini polepole.

"Inategemea mteja? Na ile nyama unayonipimia mimi?"

Bwana Pungufu akaanza kuipangusa mashine.

"Kaka, nakuuliza. Mimi niliyekubeba mgongoni, unanipimia kwa mizani ipi?"

"Dada, wewe ni... wewe huwa nakuongezea mfupa."

Hapo ndipo alipopoteza wakili wake wa mwisho. Wanawake wawili wakamvika kandambili, mmoja huku, mmoja kule, wakampeleka kliniki.

Muuguzi alisikiliza hesabu ya tano za mwenye duka bila kucheka, jambo lililohitaji juhudi. Akamtoa damu mkononi akaipeleka maabara, na papo hapo akamchoma kidole akapima kwa mashine yao ya nyumbani, waliyokuja nayo. Mashine ikasema kumi na nne na nusu. Majibu ya maabara yakarudi: kumi na sita.

"Baba, mashine hizi huyumba kidogo, mara juu, mara chini," akasema muuguzi. "Si mbovu kwa hilo. Lakini leo kama imekosea, imekosea kwa kukuhurumia. Aliyetakiwa kujumlisha ni wewe."

Bwana Pungufu akaitazama mashine kama mtu aliyepewa chenji ya ziada na hajui aifanyie nini. Kumbe kuna mizani duniani iliyompendelea mteja, na mteja mwenyewe akaikataa!

Daktari alikifungua kidonda, akanusa, akasema kidole hakiponi. Mguu bado unaweza kuokolewa, wakianza sindano leo na wakikata kesho.

"Daktari," akasema Bwana Pungufu kwa sauti ya buchani, ile ya kulainisha, "tukate nusu basi."

Mkewe aligeukia ukutani. Hakujua kama anacheka au analia.

Wakakata kizima.