Bi Zuwena awashonea wavuvi bendera, ya mwanawe bado haijapepea

Saa moja asubuhi, Zuwena binti Hamdan amesimama juu ya paa la nyumba yake, mkono mmoja umekinga jua, mwingine umeshika kikombe cha kahawa iliyokwisha poa. Anatazama bahari ya Batina, pwani ya kaskazini mwa Oman.

Mbali kule vinaonekana vitambaa vikipepea: cha rangi ya machungwa, cha njano, kingine cha machungwa, kimoja cha waridi kali. Kila kitambaa kimefungwa kwenye ufito uliosimamishwa juu ya kayaki, mtumbwi mwembamba wa kasia, na chini ya ufito ameketi mvuvi peke yake, kiuno chake karibu sawa na maji.

"Yule Darwish. Yule pale mkwewe. Wa waridi simtaji jina, atanuna," anasema, akacheka kidogo. Kisha kicheko kinakatika. "Jasim naye yuko huko huko. Wewe unamwona?"

Mwandishi wa makala haya anakodoa macho. Haoni kitu.

"Hata mimi simwoni," anasema Bi Zuwena.

Jasim ni mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na minne. Bendera zote zile kazishona mama yake. Ya kwake imekunjwa, iko juu ya cherehani, na huu ni mwaka wa pili imekaa hapo hapo.

Hapa kijijini Hillat Sidra wazee walivua kwa shasha, vyombo vidogo vilivyofungwa kwa vijiti vya makuti ya mtende. Watoto wao wanavua kwa kayaki za plastiki. Chombo kimebadilika, lakini usiri ni ule ule. Mvuvi huzamisha dema lake la waya, mtego wa samaki, bila kuacha boya juu, kwa sababu boya linamwita mwizi. Mahali penyewe hupajua kwa kutazama nchi kavu: mnara ukionekana umekaa juu ya jengo fulani, mtende ukigusa ukuta fulani, basi dema liko chini yake.

Alama hizo baba humwachia mwana, kama wengine wanavyoachiana mashamba. Murad bin Sabil, mume wa Bi Zuwena, alikuwa nazo tatu kutoka kwa baba yake. Alizilinda kuliko roho yake, na hapa hatutii chumvi.

Kayaki aliyoinunua Murad ilikuwa nyekundu, na wekundu ule ulimkosesha raha. Alilalamika kwamba hawezi kuinua dema bila kuonekana na wapita njia wa barabarani. Mwisho akanunua makopo ya rangi, buluu, kijani na kijivu, akaanza kuchanganya uani.

"Akanipa ubao, kaupaka rangi," anakumbuka Bi Zuwena. "Akaniambia niingie baharini mpaka shingoni, niuweke ubao mbele ya uso. Yeye akapanda paani, hapa hapa tuliposimama. Akapiga kelele, 'Bado nakuona!' Nikarudi, tukaongeza kijivu. Nikaingia tena. 'Bado nakuona!' Nguo imeloa, natetemeka, nacheka. Safari ya mwisho nikasubiri aseme, hakusema kitu. Nikachungulia pembeni mwa ubao, namwona anarukaruka paani kama mtoto. Nilikuwa nimepotea."

Kayaki ikapakwa rangi ile, na makasia pia. Murad mwenyewe akawa anavaa fulana ya kijivu. Kijiji kizima kilimsifu. Darwish, rafiki yake wa tangu utotoni, akamtania pwani: "Yakhe Murad, mkeo atajuaje umerudi? Kwa harufu?"

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi yenye jua kali usoni mwa maji, boti ya injini mbili ilikuwa inawahi mnada wa samaki. Aliyeishika usukani alikuwa Talib, mtoto wa jirani, kijana ambaye Bi Zuwena alimnyonyesha siku mama yake alipokuwa mgonjwa. Talib alisikia kishindo akadhani amegonga kobe. Aligeuza boti, akaona kasia linaelea, akajitupa majini na nguo zake.

Ndiye aliyembeba Murad mpaka mchangani. Murad alikuwa amekwisha fariki.

"Talib analia, anapiga magoti, ananiambia, 'Shangazi, wallahi niliona maji tu.' Watu wakamzomea, wakamwita mwongo. Mimi nilijua hasemi uongo. Rangi ile niliipima kwa uso wangu mwenyewe," anasema Bi Zuwena.

Anayasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza mapishi, na ndiyo maana yanauma kuyasikia. Talib alisamehewa siku ile ile. Tangu hapo hajashika usukani. Anauza matairi mjini Sohar.

Eda ilipokwisha, Bi Zuwena alifungua sanduku akatoa nguo yake ya Idi, ya rangi ya machungwa, zawadi ya mwisho ya Murad. Aliikata vipande kwa mkasi wa jikoni. Kipande cha kwanza alikipindua mara mbili pembeni kisichanike na upepo, akakifunga kwenye ufito wa mtende, akampelekea Jasim. Jasim alikirudisha.

Akampa Darwish. Mzee huyo alikubali kwa kumwonea huruma mjane wa rafiki yake, na pwani nzima ikamcheka. "Darwish, umetoka na mtandio wa mkeo, yeye kavaa nini?" walimuuliza. Wengine wakampigia vigelegele kama bwana harusi. Yeye alipiga kasia kimya, masikio mekundu.

"Wiki ya pili, ukungu umeshuka, nasikia injini inanijia," anasimulia Darwish. "Nikasoma shahada, nikafumba macho. Boti ikakata kona, ikanipita hivi, maji yakanimwagikia. Nahodha ananitukana, 'We mzee mwenye mtandio, toka njiani!' Tusi tamu kama lile sijawahi kusikia tangu nizaliwe."

Baada ya hapo wanaume walianza kuja kwa Bi Zuwena kupitia mlango wa jikoni, baada ya sala ya alasiri, wakinong'ona. Wanataka bendera, lakini isiwe na maua. Anawashonea kwa vitambaa vya nguo za kike, kwa sababu kijiji hiki hakina kitambaa kinachong'aa kuliko nguo za wake zao. Wanaotoka alfajiri anawashonea na ukanda unaomulika, ule wa fulana za mafundi wa barabara. Makasia anawapakia rangi ya machungwa kwenye ncha, maana kasia likipanda na kushuka huonekana kutoka mbali. Bei ni riyali moja na nusu, na anayeleta samaki harudishwi.

Kazi yake imewafikia wote isipokuwa yule aliyemfanya aianze.

Pwani, Jasim anavuta kayaki kutoka majini. Ni ile ile ya baba yake; ufa wa ubavuni ameuziba mwenyewe, na juu ya kiraka akapaka rangi ile ile. Ni kijana mpole, na swali la bendera halimkasirishi. Linamchosha.

"Mama anadhani mimi ni mkaidi," anasema. "Ndugu yangu, nikisimamisha kitambaa kile juu ya dema, nimewaita wote waje. Baba hakuniachia duka, hakuniachia shamba. Kaniachia sehemu tatu za bahari. Nikizitoa, nitasema baba yangu alikufa kwa ajili ya nini?"

Anapindua kayaki mchangani, kisha anamwongoza mwandishi nyumbani kwa chakula.

Mchana, sinia la wali na samaki limekwisha, Bi Zuwena anamimina kahawa, anasogeza tende. Jasim ameketi karibu na mlango. Mama anauliza swali ambalo halikutarajiwa.

"Hilo gazeti lako, Sohar linafika?"

Linafika.

"Na wavuvi wanalisoma?"

Asiyesoma husomewa.

"Basi andika. Alama ya kwanza: mnara wa msikiti mdogo ukae juu ya tangi jeupe la maji, na mtende uliokatika kichwa uguse pembe ya ngome."

"Mama!" Jasim amesimama.

"Ya pili: mnara huo huo, usogeze chombo mpaka nyumba ya njano itokeze yote upande wake wa kaskazini."

"Mama, hizo ni za baba!"

"Ni za baba yako, na mimi aliniambia kitandani kabla wewe hujazaliwa. Ya tatu, ile ya babu yako: kilima chenye migongo miwili, bonde lake lishuke juu ya kituo cha mafuta."

Jasim ameshika mlango. "Umenimaliza," anasema.

"Bora nikumalize mimi," anajibu mama yake, "na jioni uje ule."

Jasim ametoka. Viatu vyake amevisahau kizingitini. Mwandishi anauliza kama ayafute yaliyoandikwa, kwa kuwa bado kuna nafasi. Anauliza tena, kwa namna nyingine. Bi Zuwena anatikisa kichwa. Sasa machozi yamemtoka, ya kwanza siku hiyo, na hayafuti.

"Hatanisamehe leo. Wala kesho," anasema. "Lakini kitu cha kuficha hana tena. Atatega pengine, au atavua pamoja na wenzake, Mungu ndiye mtoaji. Ataona haya kidogo, kisha atakuja jikoni kama walivyokuja wengine. Bendera yake sikuiwekea maua."

Anainuka, anaichukua pale juu ya cherehani, anaikung'uta vumbi. Imetokana na nguo ile ya Idi, kipande cha mwisho.

"Kitu kimoja tu nakitaka duniani," anasema. "Nipande paani asubuhi, nipige kelele kama baba yake: bado nakuona."