Aliyetangulia Kugusa Udongo

Kwa nini aliruka? Nilitoka na swali hilo chuoni Kampala, nikapanda nalo basi hadi Tororo, na njia nzima halikunipa raha. Tulikuwa tumesoma habari za mfalme mmoja mdogo wa Wayunani, mwenye merikebu arobaini, aliyekwenda kupigana Troya. Ilitabiriwa kwamba atakayetangulia kukanyaga ufuo wa adui ndiye atakayetangulia kufa. Mashujaa wakubwa wakabaki merikebuni wakitazamana. Yeye akaruka, akapigana, akauawa. Hakuuamini utabiri, au aliuamini akaruka hivyo hivyo?

Nyumbani nilikuta shamba letu limelimwa lakini halina mbegu. Majirani walikuwa wamekwisha kupanda. Kwetu, mbegu ya kwanza huitia mke mkubwa. Mwingine akimtangulia, huyo mwingine atakufa. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Mama mkubwa alikuwa amevuka mpaka pale Busia kwenda matanga ya kaka yake huko Kenya, na hakuna aliyejua atarudi lini.

"Nyinyi mnangoja mvua ya Krismasi?" jirani alituuliza kutoka njiani, jembe begani.

Mama alicheka kidogo. Ghala lilikuwa karibu tupu. Msimu ukitupita, tungelala njaa.

"Mama, nani amewahi kufa kwa kupanda?"

"Waliokufa hawasimulii, mwanangu."

"Basi kesho napanda mimi."

"Kumbe chuoni mnafundishwa kushika jembe."

Hakunikataza. Hilo lilinisumbua kuliko kukatazwa.

Asubuhi wingu lilikuwa limeufunika mwamba wa Tororo. Nilichukua kibuyu cha mahindi nikaingia shambani kwa hatua ndefu, kama mtu anayetazamwa. Kwenye shimo la kwanza nilihesabu punje mara mbili kabla ya kuziachia. Mama alinifuata nyuma akifukia kwa mguu, hadi mvua ikatukuta pale pale.

Msimu mzima nilisikiliza kila kikohozi changu. Mama mkubwa aliporudi, mahindi yalikuwa yamefika magotini. Aliuliza nani alianza.

"Mimi," nilisema, kwa majivuno.

Alimtazama mama, si mimi.

Miaka mingi baadaye, nikimkanda miguu mama katika uzee wake, ndipo aliponiambia. Asubuhi ile, kabla sijaamka, alikuwa ameshuka hadi pembe ya shamba iliyo karibu na kijito, akafukia punje tatu kwa kidole. Mwiko ule aliuamini wote.