Barafu kavu ya bwana mifugo ilipungua, nikaitwa mwizi mtaani kwetu Mabwerebwere

Hapana wakuu, sikuila. Wala sikuiuza sokoni.

Nawajibu mapema kwa sababu najua mtauliza, na balozi wetu wa nyumba kumi aliniuliza hivyo hivyo mbele za watu.

Wa umri wangu kama mmebaki humu, habari zenu. Nyie wadogo, marahaba. Shule mie sikuiona. Hapa naongea tu, simu inaandika yenyewe, kwa hiyo ikiandika upuuzi mgombaneni nayo. Ila ninachosema kilinipata mwenyewe, hapa Mabwerebwere, Kilosa.

Ilikuwa zama zile za Ujamaa, mtu hata akipiga chafya anataja maendeleo. Mwezi wa Ramadhani, na joto la Kilosa mnalijua.

Nilikuwa nimetoka kwetu Masanze, nina miezi mitatu kwenye ndoa. Mume wangu Shabani alikuwa anabeba mizigo stesheni. Tunakaa na mama yake, Bi Mwajuma. Mama huyu alinipenda, lakini kwa kunigombeza. "We mwali, ugali gani huu, unataka kujengea ukuta?" Halafu anaumaliza.

Sasa siku hiyo treni ya Dar ikamshusha bwana mifugo na sanduku la mbao. Gari la kumpokea halikuja. Akapata lori la kwenda Mikumi, limejaa magunia na watu juu, sanduku halina pa kukaa. Shabani akasema liletwe kwetu mpaka kesho.

Bwana mifugo alikuwa anaongea kama pua kaibana na mlango. Namuigiza mpaka leo, wajukuu wanalala chini kwa kucheka.

"Shemeji, hii ni barrrafu kavu. Nafuata damu ya ng'ombe Mikumi, lazima isafiri kwenye baridi hii mpaka Dar ikapimwe. Ikiharibika, ugonjwa hatutaujua, na ng'ombe watakwisha."

Nikamuuliza, "Kavu kama dagaa?"

Akacheka kwa pua. Akanipa masharti. Nisiishike kwa mkono mtupu, inaunguza kama kaa la moto. Nisibane kifuniko, wala nisiitie kwenye chupa nikaziba, itapasuka. Na isiwekwe tunapolala, maana inatoa hewa nzito inayotambaa chini, mtu anaishiwa pumzi hajui kimempata nini.

Nikaliweka stoo ya kuni. Kosa langu moja: nikafunga mlango, nikasema kitu cha serikali kisizagae.

Stoo ile mlikuwa na kuku ameatamia, chini kabisa pembeni. Mchana naingia, kuku kalegea, shingo kama kamba! Nikamtoa nje mbio, nikampepea na ungo. Baada ya muda akafumbua jicho moja, akaniangalia vibaya, akaondoka zake. Toka hapo nikaacha mlango wazi. Wakuu, mwenye kitu hiki ndani ya gari au chumba, fungua madirisha. Kuku yule angeweza kuwa mimi.

Alasiri ndiyo nikamwona mama mkwe anatoka stoo, kakumbatia kitu kwenye pindo la kanga. Kuniona, akaanza kukohoa bila kikohozi.

Nikajifanya naokota kuni.

Nilijua kwa nini. Alishawahi kunywa maji baridi kwenye hoteli ya reli, mara moja tu maishani, na habari za glasi ile alikuwa akitusimulia kila wiki. Na Shabani wake anabeba magunia juani huku kafunga. Alitaka mwanawe afuturu na maji ya barafu.

Magharibi ikafika, tukafuturu kwa maji ya mtungi kama kawaida. Mama kanuna. Vidole kavizungushia kitambaa, eti kaungua na chungu cha uji. Uji wenyewe nilipika mie.

Kesho yake balozi, Mzee Kibwana, akaja kukagua mali ya umma. Huyu naye sauti yake ilikuwa inatoka tumboni, kila neno hotuba. Akafungua sanduku, maranda ya mbao yaliyoifunika yapo, barafu nusu haipo.

"Ndugu mwananchi! Barafu ikiyeyuka inaacha nini?"

"Maji, mzee."

"Maji yako wapi?"

Akapapasa maranda. Makavu. Akapapasa sakafu. Vumbi tupu.

"Basi haikuyeyuka. Imeibiwa! Hii ni hujuma!"

Jamani, ningesema nini? Kitu kimeondoka na hakijaacha hata unyevu. Nikimtaja mama mkwe, nitamtazamaje Shabani? Nisipomtaja, narudishwa Masanze na jina la mwizi. Nikachagua Masanze. Nilikwenda ndani kufunga nguo zangu, machozi yananitoka.

Jioni majirani wamejaa uani, bwana mifugo naye akatokea na gari lake na chupa za damu. Akaeleza. Kumbe barafu hii haiyeyuki kuwa maji. Inageuka hewa moja kwa moja, ndiyo maana inaitwa kavu. Hata uilinde na bunduki inapungua.

Mzee Kibwana akasema, "Serikali haiwezi kununua kitu kinachogeuka hewa."

Bwana mifugo akatia glovu, akachukua kipande akakitosa kwenye bakuli la maji. Maji yakatokota bila moto, moshi mweupe ukamwagika chini kama uji. Watu wakaruka ua. Mzee Kibwana alikuwa wa kwanza.

Nikajua nimepona. Lakini yule bwana alikuwa mkweli mno. Akachungulia sanduku, akakuna kichwa. "Damu itatosha kufika. Ila shemeji, imepungua kuliko nilivyotegemea."

Balozi akarudi mbio. "Mmesikia! Kuna mkono wa mtu! Mwali huyu arudishwe kwao!"

Shabani akainamisha kichwa. Mie nikanyanyua furushi langu.

Kabla sijamaliza, nililojifunza mie: kitu usichokijua, shika masharti ya aliyekuletea, na mtu asipewe jina la mwizi kwa sababu sakafu ni kavu. Nyie mliosoma mtaniongezea hapo chini, na mwenye mama mkwe mkorofi atueleze wake, mie wangu nilimzika mwenyewe na bado namlilia.

Basi, mama akatoka jikoni, kafungua kitambaa, vidole vimetoka malengelenge. Akanipokonya furushi, akamgeukia Mzee Kibwana mbele ya mtaa mzima:

"Mwizi mimi, tena nilikuwa nimefunga. Na barafu yenu mbovu, haina hata maji!"