Msimpigie Radi

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote kwenye bendi yetu. Hana kaka, kwa hiyo hata angetaka asingeweza kuwa shangazi wa damu. Jina tulimpa sisi, kwa sababu anatugombeza kama tulivyogombezwa na shangazi zetu: kwa haki, na kwa raha zake. Ana duka la dobi mtaa wa nyuma ya soko, chumba kimoja kirefu, mashine mbili za kufulia mlangoni, meza ya kupigia pasi katikati, na kule ndani kabisa, nyuma ya mashati ya watu yaliyotundikwa kwenye mifuko ya nailoni, gitaa lake la besi. Wateja wapya hudhani gitaa limeletwa kusafishwa.

Mimi napiga gitaa la solo, na mchana nauza vipuri vya baiskeli duka la pili kutoka kwake. Nasema hivyo mjue nilikuwa wapi siku ile, na pia kwa sababu wapiga solo hatuwezi kukaa kimya muda mrefu bila kujitaja. Yeye ni kinyume changu. Mpiga besi akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemwona. Akikosea ndipo watu wanageuza shingo. Miaka yote amesimama nyuma, bega kwa bega na mpiga ngoma wetu, Radi, na sijawahi kumsikia akiomba spika yake iongezwe sauti. Jambo moja tu lilikuwa linanikera. Alikuwa anakanyaga. Kila wimbo, kisigino chake cha kulia kinapiga ubao wa jukwaa, puu, puu, mpaka maikrofoni zinatikisika. Nilimuuliza mara nyingi, mpiga ngoma tunaye, mguu wako wa nini? Alikuwa ananiambia nitunze nyuzi zangu.

Huyo Radi alikuwa fundi mwashi aliyestaafu. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali, naye aliishi peke yake juu kilimani kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwambia jambo alikuwa anakutazama usoni, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, anasema, "Sawa sawa." Tulimpenda kwa hilo. Bendi ni watu wachache wenye ubishi mwingi, na mtu wa sawa sawa ni baraka.

Moto ulianzia ng'ambo ya kilima, wakati wa upepo ule mkavu unaopasua midomo. Asubuhi ilikuwa harufu tu. Mchana jua likawa jekundu, na majivu yakaanza kutua juu ya mashuka meupe aliyoyaanika Shangazi. Waliosema dawa ya moto ni moto nadhani hawakuwahi kuona kilima kizima kinawaka. Shangazi akaanua nguo zote, akafunga madirisha, na sisi wanabendi tukajikuta tumejaa kwake bila kuitana, mimi, mwimbaji wetu na mpiga tarumbeta. Mtu akiogopa hutafuta mahali pa kugombezwa kidogo.

Wanamuziki wa mji huu tuna kundi letu kwenye simu. Siku za kawaida ni kundi la kusutana: nani kachelewa mazoezini, nani kaazima waya hajarudisha. Siku ile likageuka. Kila mwenye rafiki kilimani alikuwa anauliza. Mpiga kinanda wa kanisani yuko wapi? Yuko kwa dada yake, salama. Yule bibi wa zeze? Kashuka, na zeze lake kalifunga mgongoni kama mtoto. Fundi wa spika je? Kabeba spika nne na kasahau viatu. Hapo tulicheka. Shangazi alikuwa anapiga pasi huku anataja majina, mimi napiga simu, na kila aliyepatikana tulipumua. Mwisho akabaki Radi, ambaye simu yake iliita tu bila kupokelewa.

Kabla hatujaanza kuhangaika, mwalimu wa kwaya, jirani yake Radi, akatuma ujumbe wa sauti akiwa garini, watoto wanalia nyuma yake. Gari la matangazo lilikuwa limepita mara mbili kuwaambia watu wote waondoke. Yeye mwenyewe, kwa kujali, alisimama kwenye lango la Radi. Radi alikuwa barazani anakaza ngozi ya ngoma.

"Nimemwambia moto unakuja, atoke sasa hivi, malori yako njia panda," mwalimu alisema. "Kanipungia mkono, kasema sawa sawa. Atakuwa nyuma yetu."

Kundi likajaa alama za kushukuru. Mwimbaji akaketi juu ya furushi la nguo akasema Mungu mkubwa. Mimi nilishaanza kuandika utani kwamba Radi atashuka na ngoma kichwani, nikainua macho nikamwona Shangazi. Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati la mtu, na moshi mwembamba unatoka chini yake.

"Hajasikia," alisema.

Mwimbaji akamkumbusha kwamba mzee amejibu, sote tumesikia.

"Radi hasikii. Miaka sasa, hasikii kitu. Akisema sawa sawa, ujue hakusikia hata neno."

Nikaitoa pasi mkononi mwake, nikaiweka pembeni. Akatueleza kwa kifupi, kama mtu anayetema kitu. Ngoma zilimla masikio, kwanza la kushoto, halafu yote mawili. Radi alimwambia yeye peke yake, kwa sababu aliyesimama karibu hivyo hafichwi kitu, akamwapisha asimwambie mtu. Meneja wa hoteli tunakopiga Jumamosi asingemvumilia mpiga ngoma kiziwi hata wiki moja, na Radi mwenyewe alikuwa radhi afe kuliko kuonewa huruma. Basi wakajitungia njia yao. Shangazi anakanyaga ubao, mtikisiko unapanda mpaka kwenye kiti cha Radi, naye anashika mapigo kutoka hapo. Shangazi akiacha kukanyaga, Radi anasimama. Ndiyo maana nyimbo zetu zilikuwa zinakatika pamoja, safi kabisa, na meneja alikuwa anatusifu. Sifa hizo nilikuwa nazipokea mimi.

Nilitazama ule mguu wake.

Tuliwapigia zima moto. Alipokea mama mmoja mwenye sauti ya kuchoka, akasema eneo lile limeshatangaziwa, magari yote yako upande wa pili, atafikisha taarifa. Mwimbaji akamwambia kwamba mzee ni kiziwi. Yule mama akauliza, mbona majirani zake hawakusema? Kisha simu ikakatwa.

Ujumbe wa maandishi haukuwa na maana. Simu ya Radi ni ya vitufe, kioo chake kilikufa zamani, hata jina la anayempigia halioni. Huiweka mfuko wa shati, na ikitetemeka ndipo anajua. Asipokuwa amevaa shati hilo, basi. Shangazi akitaka ashuke mazoezini humbipu mara tatu za haraka. Hiyo ndiyo lugha yao yote kwenye simu. Mara tatu, maana yake njoo. Hawakuwahi kuhitaji neno la pili.

Shangazi akawaza kwa sauti, macho kwenye simu. Akikaa, moto utamkuta barazani kwake. Akitoka, kawaida yake hupita barabarani, polepole, kwa sababu ya goti, na barabarani leo wamejaa watu wanaokimbia. Watamwona, watamshika mkono, watampandisha lori. Kwa hiyo atoke tu. Alituuliza kama tunaona hivyo hivyo, tukasema ndiyo. Akabipu mara tatu. Halafu hakuweza kujizuia, akaacha simu iite, na Radi akapokea.

"Nimekupata," alisema, kwa ile sauti kubwa ambayo siku zote nilidhani ni ya ufundi wa ujenzi. "Nilikuwa nabadili shati. Leo si siku ya mazoezi, najua kuna jambo. Moshi umejaa huku, sijui nani anachoma majani. Nakuja. Nitakatiza mitini nisikucheleweshe."

Miti hiyo ni ya kupandwa, imefunika mteremko wote chini ya nyumba yake, na njia ya mkato inapita katikati. Muda mfupi kabla ya hapo mtu alikuwa ameandika kwenye kundi kwamba moto umevuka mgongo wa kilima na unaelekea upande wa miti. Shangazi aliikamata simu kwa mikono miwili akapiga kelele asipite mitini, apite barabarani. Sote tukapiga kelele, watu wazima wanne tumeinamia kisimu kimoja juu ya meza ya pasi. Tulipiga kelele mpaka mtu wa duka la jirani akachungulia.

"Sawa sawa," Radi akasema, akakata.

Shangazi akapiga tena. Radi akapokea akiwa anahema, tukasikia mawe madogo yanaporomoka chini ya viatu vyake.

"Nakuja, dada yangu, usinikimbize. Goti hili ningekuazima ungejua."

Akakata tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila simu tuliyompigia ilikuwa inamsukuma mbele. Na si sisi tu. Kundi zima lilikuwa limeshaona kwamba tuna wasiwasi na Radi, na watu wema wa mji mzima, waimbaji na wapiga filimbi na mafundi mitambo, walikuwa wanampigia kumjulia hali. Kila mmoja anatetemesha mfuko wa shati lile, na Radi anadhani ni Shangazi.

"Waambie waache," Shangazi akaniambia. "Mtu yeyote asimpigie."

Nikaandika: Msimpigie Radi. Watu wakauliza kwa nini, wengine wakakasirika, mmoja akaniita mchawi. Ikabidi niandike yote, kwamba hasikii, kwamba yuko njiani kuelekea mitini, kwamba simu zinamharakisha. Siri waliyoitunza wawili kwa miaka ikaishia kwenye mistari michache, na kundi likanyamaza.

"Sasa tunafanya nini?" nikauliza.

"Tunanyamaza. Jukwaani nikinyamaza, husimama."

Basi tukanyamaza. Nimebeba mizigo maishani, nimezika wazazi, lakini sijawahi kufanya kazi nzito kama ile ya kutokugusa simu. Ilikuwa pale mezani, katikati yetu, ina chaji, ina salio, mtandao upo. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi kimya kile nilikichukia. Mashine ya kufulia ilimaliza mzunguko wake ikalia, na hakuna aliyeenda kutoa nguo. Nikaona kisigino cha kulia cha Shangazi hakijagusa sakafu. Alikuwa ameegemea meza, ameuinua mguu kidogo tu, na hakuushusha.

Baadaye tulienda mpaka kizuizi cha polisi chini ya kilima. Hawakuturuhusu kupita, na kwa kweli hata wangeturuhusu tusingeweza kukanyaga hatua kumi ndani ya moshi ule. Kila lori lililoshuka tulilizunguka tukitafuta sura yake. Mwalimu wa kwaya naye alikuja, alishasoma nilichoandika. Alisimama kando ya kizuizi anarudia kwamba Radi alimjibu, jamani, alimjibu. Shangazi akaenda akamshika bega, akakaa naye hapo mpaka lori la mwisho.

Moto ulipozimwa, ofisa mmoja wa zima moto alikuja dukani. Alivua kofia, akakataa kiti. Alisema walimkuta juu ya jiwe kubwa, pale njia inapoanza kuingia mitini. Moto haukumgusa. Ni moshi. Vijiti vya ngoma vilikuwa kiunoni, na simu aliitoa mfukoni akaishika mkononi.

"Alikuwa ameketi tu," ofisa alisema, "kama mtu anayengoja kupigiwa."

"Alisimama," Shangazi akasema. Alinigeukia mimi. "Niliponyamaza, alisimama."

Nilisema ndiyo, Shangazi. Mwimbaji alikuwa ameficha uso kwenye mashati ya watu.

Kisha Shangazi akamuuliza ofisa ile miti ilishika moto saa ngapi. Kama asingesimama, kama angeendelea kutembea na goti lake hivyo hivyo, angewahi kutokea chini? Ofisa alitazama kofia yake. Akanitazama mimi, nami nikamtazama kwa kumsihi, ingawa sikujua namsihi aseme nini. Akasema mama, mambo haya hayana uhakika, upepo ulikuwa unabadilika, mtu asingeweza kupita, hapana, asingeweza. Alisema haraka haraka, na muda wote hakumtazama Shangazi machoni.

Shangazi yeye alimtazama usoni mpaka akamaliza. Akatabasamu kidogo, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa sawa," akasema, akaenda kuwasha pasi.