Harusi ya Kereng'ende

Mwaka ule dada yangu alirudi nyumbani na begi moja, akasema amechoka kupigwa. Baba alimsikiliza, kisha akamwambia apumzike kwanza, mambo ya ndoa huzungumzwa na pande mbili. Mpunga ulikuwa umeanza kutunga punje bondeni, kule chini ya kijiji cha Ndundu, kwa hiyo tukatumwa sote wawili kukaa dunguni, juu ya jukwaa la miti, kuamia ndege wasile mpunga.

Mchana ndege wakitulia tulishuka tukakaa kwenye tuta la jaruba, miguu majini. Kereng'ende walikuwa wengi. Utotoni, tukiwaona wawili wameshikana, tulikuwa tukipiga vigelegele na kuita, "Harusi hiyo, harusi!" Siku ile niliita vilevile, nikitaka acheke. Hakucheka.

"Mtazame vizuri, mdogo wangu. Amemshika shingo."

Nilitazama. Dume, mwekundu, alikuwa amembana jike nyuma ya kichwa kwa ncha ya mkia, akimvuta kokote anakotaka. Kila mara jike alipochovya mkia majini ili atage, madume wengine walikuja kumgombania, wakamsukuma hadi mabawa yakalowa. Alipoachiwa, mwingine akamwandama. Jike akaangukia kwenye mpunga, chali, kimya. Dume akazunguka juu yake kidogo, akaenda zake.

"Amekufa," nilisema.

Dada aliingia majini, akanyoosha kidole. Kabla hajamgusa, yule jike aliruka, akapotelea kwenye matete.

"Hata mimi nilikuwa najilaza hivyo," dada alisema, bado amenipa mgongo. "Nikisikia mlango, nafumba macho, nabana pumzi. Mara nyingine aliamini nimelala."

Kwa miaka yote ile nilikuwa nikimwonea wivu kwa ndoa yake, nyumba yake ya bati, kanga zake mpya kila Idi.

Shemeji alikuja Ijumaa baada ya swala, amefuatana na baba yake mdogo. Walikaribishwa mkekani. Shemeji alizungumza kwa upole sana.

"Mke wangu, yamepita hayo. Twende nyumbani."

Dada alikuwa amekaa pembeni ya mama. "Sirudi," alisema. "Nakuomba talaka yangu."

Baba mdogo wa shemeji alimgeukia baba. "Mzee, sema na mwanao."

Baba alikuna magoti. Niliogopa, maana nilijua alivyokuwa akiheshimu maneno ya wakwe.

"Mmemsikia mwenyewe," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

Talaka ilichelewa, ilibidi shehe wa msikiti wetu aingilie kati, lakini ilikuja. Dada hakushangilia. Alikaa eda yake ndani, nasi tukavuna mpunga bila yeye. Jioni moja niliporudi kutoka shambani nilimkuta uani, miguu ameinyoosha, sahani ya wali mapajani. Alikuwa anakula taratibu, tonge kwa tonge, wala hakuinua macho aliposikia nikifungua mlango wa ua.