Fimbo ya Kuvulia Mbuta

Kuna Jumamosi moja ya miaka ya sitini, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku niliyooa. Nilikuwa kijana wa Mundika, nimeanza kumposa Nabwire, binti wa Sio Port. Baba yake, Mzee Wandera, aliwahi kufanya kazi Malindi kwenye boti za watalii wanaovua samaki wakubwa. Aliporudi nyumbani alikuta mbuta wameanza kuonekana ziwani, samaki wageni wenye nguvu, akataka kuwavua kwa namna ile ya Malindi: boti inakwenda, mshipi unakokotwa nyuma. Akanituma Busia nikamletee fimbo.

"Chagua wewe," aliniambia. "Nataka kuona akili yako."

Dukani, Mama Rukia, mwenye duka, aliniuliza, "Kijana, utavua ukiwa ukingoni au ndani ya boti?"

Sikujua kama kuna tofauti. Lakini duka lilikuwa limejaa watu, nikaona haya. "Mimi naelewa fimbo, mama," nikasema, nikachukua ile ndefu kuliko zote, nyembamba, inang'aa. Niliwaza kwamba samaki mkubwa anataka fimbo ndefu.

Nilipofika Sio Port, Mzee alikuwa amelala na homa, hakuiona. Nikaingia ziwani na Ouma, kaka yake Nabwire. Ouma ndiye aliyeshika fimbo. Mbuta alipomeza ndoano, fimbo ilijikunja mpaka ncha ikaingia chini ya boti, ikavunjika katikati. Kipande chenye makali kikapenya kiganja cha Ouma.

Mzee alipouliza nani alichagua fimbo ile, nikajibu upesi, "Mama Rukia ndiye aliyenichagulia."

Homa ilipomwachia, alifunga vile vipande kwenye baiskeli, tukaenda Busia pamoja. Njia nzima nilikuwa natafuta cha kusema. Mlangoni akaanza, "Mama, umetuumizia mtoto." Mama Rukia aliniangalia. Hapo nikashindwa kuendelea na uongo.

"Mzee, aliniuliza. Mimi ndiye niliyesema naelewa."

Mzee Wandera alikaa juu ya gunia la chumvi. "Na mimi nilifika Malindi sijui kitu," akasema. "Hilo nakusamehe. Lakini ulikuwa tayari huyu mama alaumiwe kwa mkono wa Ouma, ili wewe uonekane mjanja."

Tulimwomba Mama Rukia msamaha. Kisha Mzee akaomba fimbo nyingine, fupi, nene upande wa kushikia, akafunga ndoo ya misumari kwenye mshipi, akainyanyua. "Angalia inapopinda," akaniambia. "Ncha ipinde, kiuno, hapa katikati, kisimame. Na zile pete za kupitishia mshipi, zivute moja moja uone kama zinacheza."

Mambo ya posa yalisimama mwaka mzima. Mwaka huo nilivuta nyavu badala ya Ouma, maana vidole vyake viwili havikukunjika tena. Alinisamehe mapema, mimi ndiye niliyechelewa kujisamehe. Na Nabwire, mama yako, alinisubiri.

Sasa wewe unakwenda kununua fimbo zako za kwanza. Mwanangu, za boti ni fupi na ngumu. Zijaribu kwa uzito, usizichague kwa mng'aro. Muuzaji akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui, hata duka likiwa limejaa. Na ukiharibu, jitaje kabla mwingine hajalaumiwa.

Mungu akupe afya na maji matulivu, awalinde utakaopanda nao, na kila jioni akurudishe kwa watu wako. Amina.